Bundi Naye Ana Macho



Mwezi uliopita watoto walimpiga mawe bundi aliyetua juu ya paa la darasa. Si mnajua maneno yetu: bundi akilia, kuna msiba. Tulipofika alikuwa chini, jicho moja limejaa damu. Tukamweka kwenye boksi, mahali pa giza. Asubuhi tulimkuta amekufa. Hatukuwachapa watoto, maana hata sisi tukiwa wadogo tulirusha mawe hayo hayo.

Badala yake tulifundisha somo la macho. Macho ya bundi hayazunguki, ndiyo sababu anageuza shingo, hadi nyuzi 270. Anakula panya, wale wale wanaotoboa magunia yetu. Akipofuka, kuwinda kunaweza kumwia vigumu, na anaweza kufa njaa.

Tukawaambia kwamba Marekani wapo madaktari wa wanyama wanaopasua macho ya bundi na tai. Ndege akigongwa na gari, lenzi ya ndani ya jicho inaweza kuingia ukungu. Ni mtoto wa jicho huyu huyu tunayemjua. Ndege hulazwa usingizi kwa dawa, daktari anatoboa tundu dogo, anaivunja lenzi hiyo kwa mitetemo ya kifaa chembamba na kuifyonza. Kazi ni ngumu, kwani matone ya kupanua mboni ya mtu hayafanyi kazi kwa ndege. Wala si kila jicho linapona: sehemu ya nyuma ikiwa imeharibika, upasuaji hausaidii. Anayepona hupimwa kwanza kama anaweza kuwinda, ndipo anaachiwa porini.

Hapo mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, bundi anapasuliwa, mbona nyanya yangu haoni?"

Tulikosa jibu. Jioni tukaenda kwa huyo nyanya. Kumbe aliitwa akapimwe mara mbili, akakataa, eti wanang'oa jicho zima. Tukamweleza: jicho linabaki, inatolewa lenzi yenye ukungu na kuwekwa nyingine safi. Akacheka: "Kumbe hata bundi amekubali?"

"Bundi haulizwi, nyanya. Wewe unaulizwa."

Akanyamaza, halafu akasema sawa, ila tumsindikize. Jumatatu tunakwenda naye.

Kama kwenu yupo mzee mwenye ukungu jichoni, msimfiche ndani. Mleteni apimwe. Na watoto waambieni: mawe chini.