Drili ya Pembe ya Bei Nafuu: Je, Inastahili Fedha Zetu?

Katika maisha ya nyumbani yako matumizi yasiyozua swali: unga, mafuta, karo za watoto, dawa. Na yako mengine yanayotutaka tukae kitako tushauriane kabla mkono haujaingia mkobani. Vifaa vya ufundi ni katika fungu hili la pili. Cha ghali kinatisha, na cha rahisi kinatia shaka, kwani wahenga walikwisha kutuonya kwamba rahisi inavunja upishi. Juma hili tungependa kuwaeleza wasomaji wetu, hasa kina mama wenye kusimamia nyumba, jinsi tulivyoipima drili ndogo ya betri, yenye kichwa kilichopinda, kabla ya kuitolea fedha.

Sisi ni dada wawili na wifi yetu, tunaoishi na mama yetu katika nyumba ya ghorofa ya Mji wa Kale, Mombasa. Ndugu yetu yuko Muscat kwa kazi, na kila mwezi huleta fedha za matumizi. Fedha hizo tunaziona kuwa ni amana, kwa hivyo hatupendi zitumike kwa pupa.

Haja yenyewe ilitokana na ngazi. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe zina ngazi nyembamba, zenye mwinuko mkali na mwanga haba, na kishikio cha ngazi yetu kilikuwa kimelegea pale penye kona. Mama amekwisha kuwa mtu mzima, na magoti yake hayana nguvu za zamani. Kwa miezi mitatu alikuwa hashuki ila akishikwa mkono, na siku ambazo sote tumetoka alibakia juu peke yake. Majirani wakisoma khitma, yeye husikiliza dirishani.

Fundi wetu wa mbao, mzee tunayemwamini, alikagua akasema kwamba nguzo inayobeba kishikio ni nzima, bali skrubu mpya lazima ziingie kwa upande wa ndani, na baina ya nguzo na ukuta pana nafasi ya sentimita 17 tu. Drili yake ya kawaida, pamoja na biti, ilikuwa na urefu wa sentimita 27. Shauri lake la kwanza lilikuwa kuuchimba ukuta kidogo apate nafasi, kisha kuuziba kwa chokaa. Gharama ya kazi hiyo ilifika shilingi 6,000, na ukuta wa kale ukishachokorwa, hujui utaacha kumomonyoka wapi.

Wazee husema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Drili ya pembe ni chombo kilichokubali kuinama kwa niaba ya fundi: mdomo unaoshika biti umekaa kwa nyuzi 90 na mkono wake, basi huingia pale ambapo drili iliyonyooka hukwama. Dukani tuliikuta moja kwa shilingi 7,500, pamoja na betri moja na chaja. Zile za makampuni makubwa zilipita maradufu ya bei hiyo, na baadhi yake huuzwa mwili mtupu, betri na chaja zikanunuliwa mbali. Mnunuzi asiyeuliza atafika nyumbani na kifaa kisichoweza kuwaka.

Jambo la kwanza tulilolitazama ni kipimo. Tuliomba tepu, tukapima kutoka mgongo wa kichwa hadi ncha ya biti fupi, tukapata sentimita 14. Maneno ya kwenye kasha hayatoshi, maana mara nyingi kasha hutaja urefu wa kichwa bila biti.

La pili ni betri. Kasha liliandikwa volti 12, na hapa panataka maelezo. Betri ya lithiamu ya namna hiyo ina seli tatu. Zikijaa hufikia volti 12 na ushei, lakini wastani wake kazini ni 10.8. Vivyo hivyo, betri inayotangazwa kuwa ya volti 20 kwa kawaida ni ileile ambayo wengine huiita ya 18. Msomaji asilipie zaidi kwa sababu ya tarakimu hiyo peke yake. Ukitaka kujua akiba ya nguvu, zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 hubeba wati-saa 36, ilhali yetu, ya 10.8 kwa 1.5, hubeba 16 na kidogo. Tuliuliza pia kama betri ya akiba hupatikana mjini, kwa kuwa betri ikifa na mwenziwe asipatikane, drili nzima hugeuka kuwa chuma chakavu.

La tatu ni gia. Katika drili ya pembe, nguvu ya mota hulazimika kugeuka kona kabla ya kufika kwenye biti, na kona hiyo ndiyo yenye kuchakaa upesi katika vifaa vya bei ndogo. Tulitia biti mpya iliyonyooka, tukaiwasha polepole, tukaitazama ncha. Ikiyumba na kuchora duara, tundu litakuwa pana na skrubu haitashika. Yetu iliyumba kidogo mno. Tulisikiliza pia mlio, tukajaribu kuirudisha kinyume, na tukahakikisha kwamba mwendo huongezeka kadiri kidole kinavyobana.

Muuzaji alikubali kuandika kwenye risiti kwamba tuna siku tatu za kuijaribu na kuirejesha. Hiari ya namna hii ni jambo linalotambuliwa katika biashara ya Kiislamu, na si haya mnunuzi kuiomba kwa adabu.

Siku hizo tatu zilitupa picha kamili. Katika ubao wa kawaida drili ilitoboa matundu zaidi ya ishirini ya milimita 3 bila kuchoka. Katika boriti kuukuu ya mkoko, tulipotia biti ya milimita 8 moja kwa moja, ilisimama. Fundi akatuonyesha kuanza na 3, kisha 5, ndipo 8, na kwa njia hiyo ikapita. Baada ya robo saa ya kazi nzito kichwa kilipata moto, tukakipumzisha. Aina hii haina mgongo wa nyundo, kwa hivyo kwa zege haifai kabisa; aliye na nyumba ya kisasa anayetaka kutundika kabati ukutani atafute drili nyingine.

Haki inatutaka pia tutaje kichwa cha pembe kinachofungwa kwenye drili ya kawaida. Tulikiona kwa shilingi 1,200. Anayefanya kazi amesimama sakafuni, na mikono yake miwili i huru, hicho kinamtosha. Lakini hutaka mkono mmoja ukizuie kisizunguke, na sisi tulikuwa juu ya ngazi, mahali pasipo na soketi, ambapo mkono mmoja lazima ujishikize.

Kwa kina mama tuna usia mmoja. Mtandio, mikono mipana ya buibui na bangili ni hatari karibu na biti inayozunguka. Funga mtandio nyuma, kunja mikono, vua bangili, vaa miwani, na uwaweke watoto mbali. Betri nayo isiachwe juani wala ndani ya gari, kwani joto huifupishia umri.

Hukumu yetu basi ni hii. Drili ya pembe ya bei nafuu si ya kila nyumba, na si ya fundi anayeitegemea kutwa kucha. Ni ya kazi chache, za mbao, katika nafasi finyu. Kwa hesabu hiyo hatukuona sababu ya kuimiliki peke yetu. Tuliwashirikisha majirani wawili ambao kabati zao za jikoni zilihitaji kazi kama hiyo, kila nyumba ikatoa shilingi 2,500, na daftari la kuiazima liko kwetu. Fundi hakukosa riziki yake: kishikio alikifunga yeye, kwa kuwa mahali ambapo mtu ataegemeza uzito wake hapafanyiwi mazoezi.

Ijumaa iliyofuata Mama alishuka mwenyewe hadi barazani, akaketi na wenziwe, na sisi tukabakia juu tukipika.

Wabillahi tawfiq.