Ngozi ya Gideoni

Kwa zaidi ya miaka kumi nilifundisha vijana wa kwaya kanisani kwetu, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile la Gideoni na ngozi ya kondoo. Nililifundisha vibaya. Binti mmoja alikosa chuo kwa sababu yangu.

Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Alinijia baada ya mazoezi, barua ya chuo ameikunja mara nne ndani ya daftari la nyimbo. Ada ya kwanza ilitakiwa kabla ya Ijumaa jioni, na baba yake alikuwa bado anasubiri malipo ya viazi. "Shikamoo Mwalimu. Nifanyeje?" Nilimjibu tukiwa tumesimama mlangoni: weka ngozi mbele za Mungu kama Gideoni, yaani mwombe ishara. Fedha ikifika kabla ya Ijumaa, nenda. Isipofika, ujue si mpango wake. Nikamwombea, nikaenda zangu.

Fedha iliingia Jumatatu asubuhi. Lori la viazi lilikuwa limekwama kwenye tope. Jumapili iliyofuata binti akaniambia, "Mungu amekataa, Mwalimu." Nami nikamsifu, tena mbele ya wenzake, kwa utii wake.

Miaka minne ilipita. Nikapangiwa kuhubiri kutoka Waamuzi sura ya 6, na kwa mara ya kwanza nikaisoma toka juu, pole pole, badala ya kurukia mistari ya mwisho niliyoizoea. Gideoni anapura ngano ndani ya shinikizo la zabibu, yaani shimo lililochongwa mwambani. Ngano haipurwi humo. Kupepeta kunataka upepo na mahali pa wazi, lakini mahali pa wazi Wamidiani wangemwona, na kwa miaka 7 walikuwa wakija na ngamia zao na kukomba mazao yote ya nchi. Malaika anamkuta hapo Ofra, anamtuma akawaokoe Israeli. Anajitetea: ukoo wetu ni maskini katika Manase, na mimi ni mdogo nyumbani kwa baba yangu. Anaomba ishara, anapewa. Moto unatoka mwambani unateketeza nyama ya mwana-mbuzi pamoja na mikate. Usiku anabomoa madhabahu ya Baali ya baba yake mwenyewe. Roho wa Bwana anamjilia, anapiga tarumbeta, watu wa makabila manne wanakusanyika. Baada ya hayo yote, ndipo anapotandika ngozi uwanjani, akiomba umande uwe juu ya ngozi tu na ardhi yote ibaki kavu.

Kwa hiyo hakuwa akitafuta kujua mapenzi ya Mungu. Alikwisha kuyajua! Katika ombi lenyewe anakiri mara mbili kwamba Mungu ameshasema. Asubuhi anaikamua ile ngozi, umande unajaza bakuli zima, na bado moyo hautulii. Sufu hunyonya umande. Nadhani alilifikiria hilo, maana usiku wa pili anataka kinyume chake, ngozi ibaki kavu na ardhi yote ilowe. Na kabla ya kuomba, anamsihi Mungu asimkasirikie. Mtu mwenye uhakika kwamba anafanya vyema haanzi hivyo. Ilikuwa hofu, Mungu akaivumilia. Mimi nikaichukua hofu ile nikaiita imani, nikawapa watoto wa watu waitumie kuamua maisha yao.

Halafu kuna sura ya 8, ambayo sikuwahi kuifundisha. Sisi tulikuwa tunaishia kwenye ushindi wa mitungi na mienge dhidi ya Wamidiani, watu 300 waliobaki kati ya 32,000, tukapiga vigelegele. Lakini Gideoni huyo huyo, vita vikiisha, anakusanya pete za nyara, dhahabu shekeli 1,700, anatengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, na kuiweka mjini kwake. Israeli wote wakaigeukia kuiabudu, ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake. Niliposoma hapo nilifunga Biblia. Ngozi ilikuwa naivera yangu.

Nilimfuata yule binti sokoni, anakouza maharage na karanga. Nikamweleza yote, hata jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: chini ya barua ile kulikuwa na namba ya simu ya chuo. Niliiona siku ile. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na salio lilikuwemo. Kupiga na kuwaomba siku tatu tu kusingechukua hata dakika tano, lakini niliona kupiga simu ni kukosa imani.

Alinisikiliza akiwa ameshika kopo la kupimia. Mteja alikuja, akamhudumia, akamrudishia chenji. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ile barua yenyewe ndiyo ilikuwa jibu?"

Nikamwambia, ndiyo.

Akainamisha kichwa, akaanza kuokota maharage yaliyodondoka kwenye turubai, moja moja.