Datsun ya Baba: Raba Kwanza, Rangi Baadaye

Wapenzi, wengi mmeniuliza kuhusu lile gari la milango miwili linaloegeshwa nje ya duka langu la nguo. Ni Datsun 240Z ya marehemu baba. Wazee wa Mombasa wanalijua kwa Safari Rally: aina hii ilishinda 1971, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Letu halikushindana na mtu. Lilikaa bandani miaka 16 chini ya turubai.

Kaka zangu walitaka liuzwe, mirathi igawanywe. Nikanunua mafungu yao yote kwa pesa za cherehani, na la mama pia. Mama alisema neno moja tu: "Kama haliendi sawa, usinipakie."

Injini ya silinda sita haikutusumbua sana. Kabureta zake mbili zilisafishwa, ikanguruma. Taabu ilikuwa barabarani. Kwenye Daraja la Nyali, mwendo wa 60 tu, usukani ulitetemeka mpaka viwiko, na ukikanyaga breki linavuta kushoto. Fundi akashauri tupige rangi kwanza, eti ndiyo inayoonekana. Hiyo kwetu washonaji ni kupiga pasi gauni lililoshonwa kombo. Nikakataa.

Tulianza na matairi. Meno yalikuwa marefu, ungedhani mapya, lakini ubavuni yaliandikwa 2304, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2004. Raba huzeeka hata ikilala, na kusimama pahali pamoja kuliyafanya bapa upande mmoja. Yote manne yakatupwa. Breki ya mbele kulia pistoni yake ilikuwa imeganda kwa kutu, ndiyo maana gari likivutwa na ile ya kushoto iliyokuwa ikishika peke yake. Maji ya breki hunyonya unyevu, na hapa kisiwani unyevu hatuununui. Shoki nazo zilikuwa zimekwisha, gari likipita tuta linaendelea kurukaruka.

Kisha bushi, zile raba zinazokaa kwenye mikono ya magurudumu. Hapa tulibishana na fundi nusu siku. Yeye alitaka kukaza nati gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia. Nikamwambia, pindo la gauni silipimi mteja ameketi. Raba ikibanwa mguu ukining'inia, gari likishuka chini inabaki imesokoteka, na haichukui muda kuchanika. Akazikaza kwa mkono tu, tukalishusha, tukalitikisa likae sawa, ndipo akaingia chini kumalizia. Alaimenti ikawa ya mwisho, maana ungeifanya mapema ungeirudia.

Sasa usukani ni mwepesi, ukiuachia kidogo gari linashika njia yake. Ijumaa iliyopita nilivuka Nyali na mama kando yangu, anavuta uradi kimya kimya. Alilalamikia kiti tu, kipo chini mno kwa magoti yake.

Rangi ya mlangoni bado imebabuka. Fundi hachoki kunitumia bei.