Waya Nilioufunga Mimi

Najua nimeadimika hapa kijiweni. Nilikuwa nyumbani Kyerwa, upande wa Nkwenda, na leo nina la kuungama.

Krismasi iliyopita breka ya betri ya sola kwa bibi ilikuwa inajikata kila usiku. Taarifa ya habari ikinoga tu, ta! Giza. Bibi akaniuliza, "Shule yote ile, mjukuu wangu, huwezi kuturudishia taa?" Nikaona aibu. Nikachukua kipande cha waya, nikakisokota kutoka upande mmoja wa breka hadi wa pili ili umeme uipite. Taa zikawaka, watoto wakapiga makofi, nami nikarudi Dar kifua mbele.

Mwezi huu nimerudi. Nikawa navuta magunia ya kahawa chumbani kwa bibi, nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Ganda la waya wangu lilikuwa limeyeyuka, ukuta una weusi, na gunia lililougusa limebabuka. Kutoka pale hadi kitandani kwa bibi ni hatua mbili.

Jamani, nilikaa chini.

Baba mdogo, ambaye ni fundi redio, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Siku ile ulijua kwa nini ilikuwa inajikata?" Sikujua. Binamu yangu alikuwa ameleta inveta, na jioni anawasha TV na sabufa. Jumla wati 300. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 25. Wati hizo hizo kwenye umeme wa gridi wa volti 230 ni ampea moja na kitu. Breka ilikuwa ya ampea 16 na waya ni mwembamba wa 1.5. Kwa hiyo breka haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inaulinda waya usigeuke jiko.

Asubuhi nikapanda bodaboda hadi Omurushaka, Karagwe. (Nilipokuwa mdogo kote huku kuliitwa Karagwe, Kyerwa ikawa wilaya mwaka 2012.) Nikarudi na breka nzuri, mpya, ya ampea 32. Baba mdogo akaigeuza, akasema, "Rudisha. Hii ni ya umeme wa gridi." Akanieleza: umeme wa gridi hubadili mwelekeo na kufika sifuri mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana cheche ndani ya breka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupumziki, cheche inaweza kuendelea kuunguza. Tafuta iliyoandikwa DC.

Nikarudi tena Omurushaka. Safari hii nikachukua na waya mnene wa 6.

Kazi yenyewe fupi. Vua saa na pete. Zima kila kitu, chomoa kwanza waya za paneli kwenye kontrola, kisha fungua hasi ya betri, halafu chanya. Breka mpya tukaifunga kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, maana kipande kilicho kati ya betri na breka hakina mlinzi. Skrubu zikakazwa barabara. Kiungo kilicholegea huchemka, na pale niliposokota kwa mkono ndipo moto ulipotaka kuanzia. Kurudisha: chanya, hasi, paneli mwisho.

Magunia tukayahamishia chumba kingine. Bibi alipoelezwa alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ilikuwa inatuita kila usiku, nasi tukaiziba mdomo."

Wadau, mimi mshahara wangu unatokana na kuuliza "kwa nini". Siku ile makofi yalinitosha, sikuuliza. Ukifika nyumbani kwenu likizo hii, kabla hujasalimia jirani, chungulia nyuma ya betri.

Haya, niishie hapa. Tuonane tena kijiweni.