Ukakasi

Tembo la mnazi halina subira. Mgema hukwea alfajiri, akachonga ncha ya karara kwa kotama, akaacha utomvu udondoke ndani ya kibuyu hadi atakaporudi. Linaloshushwa asubuhi ni tamu. Ifikapo adhuhuri limeshaanza kukolea. Likilala siku mbili, huelekea kuwa siki. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya mgema huijua saa kwa ulimi. Ndiyo maana mama mmoja wa Kaloleni, mtoto wa mgema na mjane wa mwalimu wa shule ya msingi, alicheka sana usiku ule mwanawe alipomwambia, wakiwa Seattle, kwamba kesho yake wangekwenda kuonja mvinyo uliokaa pipani miaka miwili.

"Miaka miwili, mwanangu? Na bado haujawa siki?"

Hiyo ilikuwa Novemba 2022. Mama alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili, na hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza nje ya Kenya. Mwana alikuwa muuguzi, mkazi wa jimbo la Washington kwa miaka kumi na minne. Alikuwa amekodi gari pamoja na kiongozi wa watalii kwa siku nzima, wao wawili peke yao. Safari za namna hiyo ni za kawaida katika sehemu zile: mgeni huchukuliwa mlangoni, hupelekwa Woodinville, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita thelathini kutoka Seattle, akaonja mvinyo, kisha hupelekwa kwenye maporomoko ya maji ya Snoqualmie, na jioni hurudishwa nyumbani. Faida yake kubwa ni kwamba anayekunywa hashiki usukani.

Mwana alisema ni zawadi. Alisema kweli, ila kweli nusu. Katika mfuko wa ndani wa koti lake mlikuwa na karatasi kutoka kwa wakili wa Mombasa: mkataba wa kuuza ekari tatu za Kaloleni alizoziacha marehemu baba yake. Mnunuzi alitaka kujenga bohari. Sheria haikumruhusu mwana kuuza bila idhini ya mjane, na idhini hiyo ilihitaji saini. Naye alihitaji fedha za kutanguliza ili anunue nyumba, maana kodi ilikuwa inammaliza. Asihukumiwe upesi. Bati lililo juu ya nyumba ya mama yake alilitia yeye. Karo za wadogo zake wawili alizilipa yeye, kwa zamu za usiku. Alichokosea, kama ni kosa, ni kudhani kwamba jambo zito huteremka vizuri zaidi likitanguliwa na kinywaji.

Kiongozi alikuwa mwanamke wa umri wa miaka hamsini hivi, mchangamfu, mwenye desturi ya kusema akiitazama barabara. Kiswahili hakukijua, na Kiingereza cha Mama kilikuwa cha salamu na bei za sokoni. Basi mwana akawa mkalimani. Yeyote aliyewahi kukalimani anaijua hali hiyo: kusikia kila kitu mara mbili, na kuwajibika kwa maneno ambayo si yako.

Walipofika Woodinville, Mama alitazama dirishani kulia na kushoto. Palikuwa na manyunyu, misonobari, nyasi mbichi na majumba makubwa yenye mapipa mbele ya milango.

"Mizabibu yenyewe iko wapi?" akauliza.

Kiongozi alifurahi kuulizwa, kwani wengi hawaulizi. Alieleza kwamba karibu zabibu zote za jimbo hilo hukua upande wa pili wa milima ya Cascade, katika mabonde ya Yakima na Columbia. Mawingu yatokayo baharini hupanda milima, yakamwaga mvua yake upande huu wa magharibi; yakivuka, huwa yamekwisha maji. Huko mashariki ni kukavu kama Garissa (mfano huo aliuongeza mwana), mvua ikiwa ni kama milimita mia mbili tu kwa mwaka sehemu nyingi, na mizabibu hunyweshwa kwa maji ya mito. Zabibu hukua ukameni, mvinyo wake ukanywewa mvuani, karibu na mji wenye wanunuzi.

"Kumbe hapa ni sokoni," alisema Mama.

Mwana hakulifasiri hilo.

Ndani waliketishwa mezani, wakawekewa bilauri tano kila mmoja, mpangilio ukianzia mvinyo mweupe hadi mwekundu uliokoza. Kila bilauri ilitiwa mvinyo kidogo mno, kiasi cha kumeza mara mbili. Kiongozi akawaonyesha: bilauri huzungushwa taratibu, hunuswa, ndipo hunywewa funda moja na kulizungusha mdomoni. Yeye mwenyewe hakunywa. Kisha akaanza kutaja alivyovipata watu wengine ndani ya kila mvinyo, na hapo ndipo kazi ya mwana ilipokuwa ngumu. Alitaja matunda ya nchi za baridi ambayo Kaloleni hayana jina, ngozi iliyotengenezwa, tumbaku, mawe yaliyolowa. Mwana alifasiri kadiri alivyoweza: "tunda dogo jekundu", "tunda jingine dogo, jeusi". Mama alisikiliza kwa adabu, akaonja, akasema mvinyo wa tatu ni ukwaju uliotiwa sukari, na wa nne ni zambarau, zile zilizoanguka zenyewe, si za kuchumwa. Kiongozi aliomba afafanuliwe zambarau ni nini. Akaandika.

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya kinywaji hicho. Tunacho mvinyo, neno tuliloachiwa na Wareno. Tunayo divai, ambayo husemwa imetoka kwa Wafaransa. Na zabibu yenyewe ni ya Waarabu. Vitu vya wageni vilikuja na majina yao, tukayapokea kama tulivyoyapokea marobota bandarini. Lakini majina ya ladha ni jambo jingine. Hayo hayapokewi kutoka kwa mfanyabiashara. Hujifunzwa na mtoto chini ya mti, mdomo ukiwa umejaa.

Mvinyo wa tano ulikuwa mwekundu wa kukoza, wa zabibu za Cabernet Sauvignon. Mama alipoumeza, uso wake ulikunjamana. Kiongozi akaeleza kwamba kinachouparuza ulimi hutoka katika maganda na mbegu, kwa kuwa mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na kwamba kitu hichohicho ndicho husaidia mvinyo kudumu miaka. Akakitaja kwa jina la kitaalamu. Mwana akasita.

"Anasema ni... ukavu, Mama. Ukali wa namna fulani."

Mama alipitisha ulimi juu ya fizi, akafikiri.

"Si ukavu, wala si ukali. Huu ni ukakasi. Umelisahau bibo la mkanju? Umeisahau ndizi mbichi?"

Alikuwa amelisahau. Si tunda, bali neno. Siku hizi ukakasi husikika zaidi katika habari za maneno ya watu kuliko za matunda: husemwa kauli fulani ina ukakasi, wala msemaji hakumbuki kwamba kwanza ulikuwa jambo la ulimi na meno. Mwana alilirudia neno hilo kimyakimya mara mbili, na mkono wake ukaenda kifuani, penye mfuko wa ndani.

Katikati ya meza palikuwa na ndoo ndogo ya kutemea. Wanandoa wa meza ya jirani walionja, wakatema, wakaandika katika vijitabu vyao. Mama aliwatazama kwa muda. Kwao, tone la kwanza la tembo humwagwa chini kwa ajili ya koma, wazee waliotangulia. Yeye ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini mkono wa baba yake ameuona ukimwaga tone hilo maelfu ya mara.

"Hicho kinachotemwa," aliuliza, "humwagiwa nani?"

Mwana alifasiri swali hilo. Kiongozi alifungua kinywa, akakifunga, akasema kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kutoka Woodinville walifuata barabara namba 202 kwenda Snoqualmie, chini ya saa moja. Mama alilala njia nzima. Mwana alikuwa amekusudia kuitoa karatasi njiani, wakati mvinyo ungali unafanya kazi. Akamtazama mama yake alivyolala, leso imemfunika hadi kidevuni, akaghairi.

Maporomoko ya Snoqualmie yana urefu wa mita 82. Katika miezi ya kiangazi maji mengi huelekezwa kwenye mitambo ya umeme, na kinachobaki kuanguka huwa chembamba. Lakini Novemba, mvua ikiwa imekolea, mto mzima hujitupa kwa ngurumo, na mvuke mweupe ukapanda hadi kwenye jukwaa la kutazamia, ukawalowesha watu nyuso. Juu ya ukingo pana hoteli. Ndani ya mwamba, nyuma ya maji, pana kituo cha umeme kilichojengwa mwaka 1898 na 1899, cha kwanza duniani kujengwa chote chini ya ardhi.

Watalii walikuwa wengi, wakipiga picha na kuitana kwa sauti. Mama alisimama kwenye ukuta wa jukwaa na hakusema neno. Mwana alipoanza kumweleza habari za umeme, aliinua kiganja kumnyamazisha. Baada ya muda akasema kwa sauti ya chini:

"Hapa ni pa watu. Muulize ni pa akina nani."

Ni vigumu kueleza alijuaje. Pengine mtu aliyekulia jirani na kaya, ambako mti haukatwi na kelele hazipigwi, huitambua hali hiyo hata pale ambapo wengine wamekwisha isahau. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na baadhi ya watu wakadhani utukufu wake ulianza siku hiyo.

Kiongozi alijibu kwa makini. Alisema ni mahali patakatifu pa watu wa Snoqualmie; kwamba kwa imani yao ndipo mwanamume na mwanamke wa kwanza walipoumbwa, na mvuke upandao ndio uchukuao dua zao kwenda juu. Mwaka 1855 nchi yao ilitolewa kwa mkataba. Mwaka 1953 serikali iliacha kuwatambua kuwa kabila, ikaja kuwatambua tena mwaka 1999. Mwana alifasiri sentensi baada ya sentensi. Kisha kiongozi akaendelea, na mwana akanyamaza.

Maji yalinguruma. Mama akangoja.

"Mbona umekatiza? Amesema nini?"

Ingekuwa rahisi kusema lolote. Hakuna shahidi aliyekuwapo wa lugha zote mbili. Mkalimani ana mamlaka ambayo hata hakimu hana: akiacha jambo, ni kama halikusemwa. Mwana aliushika ukuta uliolowa.

"Anasema mwaka 2019 waliinunua hoteli ile, pamoja na ardhi iliyo jirani nayo, ekari kama arobaini na tano. Waliinunua kutoka kwa kabila jingine, Muckleshoot, ambao nao walikuwa wameinunua mwaka 2007. Palikuwa na mpango wa kujenga majumba zaidi hapa juu. Walipoinunua wakauzuia."

"Kwa kiasi gani?"

"Dola milioni mia moja na ishirini na tano."

"Walinunua kilichokuwa chao?"

"Ndiyo, Mama."

Hakuuliza tena. Alikaa pale hadi leso ikalowa kabisa, na kiongozi akaja kumfunika kwa koti la mvua.

Garini, giza likiwa limeshaanza kuingia, Mama alisema bila kugeuka:

"Hiyo karatasi uliyokuja nayo, itoe. Tangu asubuhi mkono wako hautoki kifuani kama mtu mwenye donda."

Mwana aliitoa. Ncha zake zilikuwa zimelowa. Mama alivaa miwani, akaitazama, akamrudishia.

"Ni Kiingereza. Nifasirie. Usiruke neno."

Akamfasiria, aya kwa aya, njia nzima ya kurudi Seattle: namba ya kiwanja, mipaka, ekari tatu na vyote vilivyomo, bei, muda wa kulipa, mahali pa saini. Alipomaliza, Mama aliuliza minazi imetajwa wapi.

"Haikutajwa, Mama. Imo katika hivyo vyote vilivyomo."

"Ni mingapi?"

Mwana hakujua. Mama alijua, akaitaja: arobaini na mmoja, tisa kati yake aliipanda yeye mwaka alioolewa. Aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mkobani pamoja na miwani. Hakusema ndiyo wala la.

Kiongozi, ambaye hakuelewa lolote la mazungumzo hayo ila kimya chake, akauliza kwa upole mgeni wake aliupenda mvinyo upi kuliko yote.

"Mwambie ule wa mwisho," alisema Mama. "Wenye ukakasi."

Mwana alitaja lile jina la kitaalamu. Mama akatikisa kichwa.

"Hapana. Mpe neno lenyewe."

Basi mwana akalitamka, na yule mwanamke, macho yakiwa barabarani, akajaribu kulisema mara ya kwanza, akakosea, akajaribu tena.