GHALA LETU WENYEWE

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hii twaiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi bila kuiwaza sana. Mimi nimeielewa barabara mwaka huu, tena si shambani bali katika chumba cha kompyuta.

Ndugu msomaji, huenda hujapata kuandika programu, basi wacha nieleze kidogo. Mwenye kuandika kwa lugha ya Python haanzi kila kitu mwanzo. Akitaka kuchora grafu, huchukua kifurushi kilichoandikwa na mwenzake. Vifurushi hivyo vimo katika ghala kuu la intaneti liitwalo PyPI, lililoanza mwaka wa 2003, na sasa vimepita laki tano. Chombo kiitwacho pip ndicho tarishi wetu: unamtuma, anakwenda mbio, anarudi na mzigo. Raha iliyoje!

Lakini tarishi havuki mto uliofurika. Shule yetu ni ya kutwa. Chama cha kompyuta kina saa moja na nusu tu baada ya masomo, kisha kila mtu anashika njia ya kwao, na wengi wetu nyumbani hatuna kompyuta. Intaneti ikikatika au bando likiisha, siku hiyo imekwenda arijojo. Na hata ikiwapo, kompyuta kumi na mbili zikitaka kifurushi kimoja, mzigo uleule unavutwa mara kumi na mbili! Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikazorota Kenya na kwa majirani. Ikiwa waya wa baharini hukatika, sembuse huu wetu wa ukutani?

Tena ghala la mwenzio lina mwenyewe. Mwezi wa Machi 2016, mwandishi mmoja wa programu aliondoa vifurushi vyake katika ghala la npm, ambalo ni la lugha ya JavaScript. Kimoja, left-pad, kilikuwa na mistari kumi na mmoja tu. Lo! Kazi za watu wengi duniani zikakwama mpaka kiliporudishwa.

Basi nikamwuliza mwalimu wetu, "Mwalimu, kwani sisi hatuwezi kuwa na ghala letu?" Akacheka, akasema, "Tafuta njia, uje utueleze." Nikatafuta. Kumbe njia si moja.

Ya kwanza ni ya maskini, nayo haina aibu. Unapopata intaneti, unamwambia pip apakue vifurushi bila kuviweka kazini, unavitia katika flashi, kisha unamwambia asitoke nje bali achukue humo. Ila uangalie: kifurushi cha Linux huenda kisikubali kwenye Windows.

Ya pili, folda hiyo inakaa katika kompyuta moja, na kwa amri moja ya Python inagawiwa kwa zote zilizounganishwa nayo. Flashi haizunguki tena.

Ya tatu ni pypiserver, seva ndogo ambayo pia hupokea vifurushi mlivyoandika wenyewe. Ya nne ni devpi. Hii nimeipenda mno. Mwanafunzi wa kwanza akiomba kifurushi, devpi hukileta kutoka nje na kuweka nakala; wa pili hadi wa mwisho wanapewa ile nakala. Bando linalipiwa mara moja, na intaneti ikipotea kilichohifadhiwa kipo. Ya tano ni bandersnatch, ambayo huweza kunakili PyPI nzima. Hiyo ni terabaiti nyingi mno. Ya nini kujenga ghala la wilaya kwa gunia moja la mahindi?

Hatari nayo ipo. Tuseme chama chetu kiandike kifurushi cha vitendawili, kikae ndani tu. Mtu wa nje akiweka chenye jina hilohilo huko PyPI, na pip ameambiwa atazame maghala yote mawili, atachukua chenye namba kubwa ya toleo, hata kama ni cha mwizi. Mwaka wa 2021 mtafiti Alex Birsan alionyesha kuwa kwa hila hiyo aliweza kuingia hata Apple na Microsoft. Kwa hiyo pip aelekezwe mlango mmoja, nao uwe wetu. Aidha ghala hufagiliwa: kifurushi cha zamani chenye kasoro kibadilishwe, la sivyo tutakuwa tumehifadhi panya.

Maoni yangu ni haya. Tuanze na folda wiki hii, maana haihitaji hata senti. Kisha ile kompyuta kuukuu iliyo pembeni, ambayo hakuna aitakaye, tuitie devpi. Saa moja na nusu ndiyo yote tuliyo nayo. Tusiitumie kutazama duara likizunguka kwenye skrini.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa hayo machache, naweka kalamu chini.