Hatua Kumi Nyuma

Nilipokuwa mtoto kule Ugogo, mwanamume ndiye aliyetangulia njiani. Alishika fimbo na mkuki, akaangalia nyoka na simba, na mke akafuata nyuma na mzigo kichwani. Simba wameondoka, mkuki umebaki ukutani, lakini mwendo ule haukubadilika. Kwa miaka 36 ya ndoa yetu nilitembea mbele na mke wangu hatua kumi nyuma yangu, tukienda kanisani, sokoni, hata hospitalini. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka nilipofika Ayalandi.

Tulikwenda huko mwishoni mwa Mei 2019 kumwona binti yetu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Limerick, na ambaye alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Tiketi zetu zilikuwa za wiki tatu. Katika wiki ya pili mkwe wetu alitupeleka kwa gari hadi kijiji cha Ballyvaughan, katika kaunti ya Clare, ili tutembee siku nne katika nchi ya mawe iitwayo Burren.

Usiku wa kuamkia safari hiyo mke wangu aliniambia, "Mwalimu, viza inaruhusu siku 90. Naomba nibaki na mtoto mpaka siku ziishe." Nilimjibu kwamba tiketi zimekwisha kulipiwa, na maneno yakaishia hapo. Ukweli ni kwamba niliogopa nyumba tupu. Lakini mwanamume wa umri wangu hasemi hivyo. Husema habari za tiketi.

Jina la Burren latokana na neno la Kiayalandi lenye maana ya mahali pa mawe, na kweli mawe ndiyo yaliyotandazwa huko. Vilima vizima ni mawe ya chokaa ya rangi ya kijivu, yamelazwa kama sakafu iliyopasukapasuka, na ndani ya nyufa hizo huota maua. Mke wangu aliinama kila mara kuyatazama. Kuna ua moja dogo la buluu kali ambalo ndugu zake huota katika milima ya Alps, nalo huishi jirani na mimea ya nchi za joto za Mediterania.

Mimi nilivutiwa na ng'ombe. Mama mwenye nyumba ya wageni alitueleza kwamba wafugaji wa huko huwapandisha ng'ombe vilimani wakati wa baridi na kuwateremsha wakati wa joto, kinyume cha desturi ya wafugaji wengi wa Ulaya. Mawe yale hutunza joto la kiangazi, na malisho ya juu hubaki makavu. Nilicheka kwa furaha. Mgogo yeyote angewaheshimu watu wanaojua hivyo ardhi yao.

Siku ya pili tulifika Poulnabrone, kaburi la mawe lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Jiwe moja pana limelazwa juu ya mengine yaliyosimama, kama meza ya majitu. Wachimbuaji wa miaka ya 1980 walikuta humo mabaki ya watu wapatao 33, wakubwa kwa watoto. Tulisimama kimya kwa muda, kisha nikaanza kuondoka, na mke wangu akanifuata.

Siku ya tatu ukungu ulishuka. Tulikuwa kilimani, nami nilikazana ili tufike barabarani kabla ya mvua. Nilifika kwenye ukuta wa mawe, ule unaojengwa bila saruji wala udongo, ndipo nikageuka kumwambia mwenzangu aangalie miguu. Hakuwapo.

Nilirudi nikiita. Sijui ilikuwa dakika ngapi, lakini naijua hofu ile mpaka leo. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, kiatu kimoja mkononi. Mguu wake ulikuwa umezama katika ufa, ukateguka kidogo.

"Nilikuita mara tatu," alisema, bila hasira.

Nilimshika mkono, tukaenda polepole hadi kwenye gofu la nyumba isiyo na paa, tukajikinga na upepo. Magofu ya namna hiyo ni mengi upande ule wa magharibi. Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa uliozesha viazi mviringo, chakula pekee cha maskini waliolima mashamba ya kukodi, huku nafaka na mifugo vikiendelea kusafirishwa nje ya nchi. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kama hao wakavuka bahari. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8. Ile ya 1851, milioni 6 na nusu.

Sisi Wagogo tunayo njaa yetu, Mtunya, iliyotupata kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita vile vya wakubwa kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana, kisha mvua ikakataa. Ndani ya gofu lile mke wangu alinisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Nyanya yake aliachwa kwa watu wasio ndugu wakati wa Mtunya, akiwa mtoto, ili wazazi wapate mtama kidogo.

"Hakuwalaumu kwa kumwacha," alisema. "Alisema walifanya vile ili wote wapone. Kilichomuuma ni kwamba baba yake aliondoka bila kugeuka."

Hakuongeza neno. Mvua ilinyesha juu ya kuta zile, nami nikatazama kiatu chake kilicholowa. Baadaye nikasema, "Naiogopa ile nyumba ikiwa tupu." Yalikuwa maneno machache, lakini kuyatoa kulinigharimu kuliko kilima.

"Nilijua," alijibu. "Nilingoja uniambie."

Siku ya nne tulikwenda kwa basi kwenye majabali ya Moher, yanayosimama mita 214 juu ya bahari mahali pa juu kabisa. Mguu ulikuwa umefungwa bendeji, hivyo mke wangu alitangulia na fimbo yangu, nami nikafuata. Kumbe anayetembea nyuma huona mengi: namna bega moja linavyoshuka kwa uchovu, na mahali anaposita. Kwa miaka 36 yeye alikuwa ameyaona hayo mgongoni mwangu, na mimi sikuwa nimeona lolote.

Nilirudi Dodoma peke yangu. Nyumba ilikuwa tupu kama nilivyoogopa, na ugali wangu ulikuwa na madonge. Alirejea siku zake zilipoisha, akanikuta nimekonda. Jumapili iliyofuata tulitoka kwenda kanisani. Kwa mazoea nilitangulia hatua kumi. Kisha nikasimama, nikageuka.